Padri Aliyefia Mabela

Padri wangu alipewa chuo akishike kwa msimu mmoja wa baridi, mpaka apatikane mtu wa kudumu, akakishika mpaka siku aliyokufa. Nasema "wangu" kwa sababu sijapata kumwona mtu mwengine anayemtaka. Alikuwa mhubiri wa kanisa dogo la kijijini huko Marekani, enzi ambazo nchi yenyewe ilikuwa ndiyo kwanza inajizoesha kuitwa nchi. Kisha akawa mkuu wa chuo ambacho wakati ule kilikuwa jengo moja la mbao, kengele moja, na vijana wasioridhika na chakula. Hakuandika kitabu cha maana. Hakuanzisha madhehebu. Mahubiri yake nimeyasoma yote, na naweza kuwatoa wasomaji wasiwasi: hawajakosa kitu. Nilimkuta ndani ya maktaba ya chuo hicho hicho, nilipokuwa nasoma huko kwa fedha za serikali yetu. Nikamwonea huruma, nikaandika tasnifu juu yake, na siku niliyovikwa joho nikadhani tumeagana.

Nilirudi Maskati naye. Nikaajiriwa kufundisha historia chuo kikuu, nikapanga nyumba Al Khoudh ili niwe karibu na kazi, nikaoa, na kila aliyeniuliza nilimwambia kwamba tasnifu naigeuza kitabu. Kitabu hakikuisha, kilichoisha ni ndoa. Nikahamia kwa mama yangu, mtaa wa Mabela, kwenye chumba cha nje ambacho marehemu baba alikijenga kwa ajili ya wageni. Nilimwambia mama kwamba nimekuja kwa muda tu, mpaka nipate nyumba yangu.

"Karibu," mama akasema. "Ukae huo muda wako."

Kwetu Oman mtu kama padri wangu huitwa mukallaf, yaani aliyebebeshwa kazi mpaka mwenyewe aje, na kila ofisi inaye mmoja ambaye mwenyewe wake hakuja. Ningeweza kusema nilimchagua padri kwa sababu za kitaaluma. Lakini mwanamume mwenye mvi anayeandika maisha ya mtu aliyeshindwa kuondoka mahali, huku kanzu zake zinapigwa pasi nyumbani kwa mamake, hana haki ya kujidai. Jambo hilo nililitambua kwa kuchelewa, na nilipolitambua nililigeuza aya moja nzuri ya utangulizi, nikarudi kula.

Kula kwenyewe, khasa siku ya Ijumaa, ndiko kulikoniponza.

Familia yetu ilitoka Unguja mama akiwa bi harusi, na mpaka leo nyumbani kwetu Kiswahili kiko ndani na Kiarabu kiko mlangoni. Ndugu zangu wametawanyika, mmoja Suhar, mmoja Salala, mmoja Ulaya, kwa hiyo chakula cha Ijumaa baada ya sala hubaki chetu sisi wanne: mama, mimi, mama mdogo ambaye huja na gari lake kutoka Al Khoudh akiwa na sufuria mapajani mwa dereva kwa namna ambayo sijawahi kuielewa, na dada anayemsaidia mama kazi za nyumbani. Dada ni mtu wa Njombe, Mlutheri. Ijumaa ni siku yake ya mapumziko. Asubuhi huenda kanisani, maana huku hata makanisa husali Ijumaa, na mchana hurudi kula nasi, kwa sababu, anasema, kule mahubiri ni marefu na huku kuna pilau.

Ni mama aliyeanza. Nilikuwa sijamaliza hata mwezi kwenye chumba cha nje aliponiuliza, huku akinichagulia kipande cha nyama: "Huyo mtu alikufanyia nini khasa, hata ukakaa naye usiku na mchana ukamwacha mkeo amekaa peke yake?"

Nikaanza kumtetea. Ulikuwa utetezi tu, lakini padri akaingia nyumbani hivyo, na kila Ijumaa ikabidi aje. Nikawaeleza alivyozaliwa kwenye shamba la mawe, alivyosoma kwa taa ya mafuta ya nyangumi, alivyopewa kanisa kando ya mto akalipenda kuliko kitu chochote duniani. Nikawaeleza mabwana wa bodi ya chuo walivyomjia na farasi wao na maneno yao matamu. Na nikawaeleza juu ya mkate.

"Wakampiga mawe madirishani," mama akasema.

"Madirisha ya nyumba yake, ndiyo. Wanafunzi wake mwenyewe."

"Kwa sababu ya mkate."

"Ulikuwa na funza, mama."

"Na mkewe alikuwa wapi? Mtu mzima yumo ndani, mumewe anavunjiwa vioo kwa mkate, yeye hajui kukanda unga?"

"Ana watoto, Bibi," dada akaingilia. "Halafu mke wa mchungaji hawezi kupikia chuo kizima. Kwetu anapikia wageni tu, na hao peke yao wanammaliza."

"Padri hana mke," akasema mama mdogo, ambaye baada ya kula hufumba macho na kuendelea na mazungumzo.

"Huyu anaye."

"Basi si padri."

"Ni mchungaji," dada akasema. "Ni wa kwetu sisi."

"Mchukueni," mama mdogo akasema, na akalala.

Kitu alichokipenda mama kuliko vyote kilikuwa kujiuzulu kwa padri. Mara ya kwanza aliandika barua, lakini mto ulikuwa umefurika, mabwana wa bodi hawakutimia, na walipotimia walimsifu sana wakaliweka suala lake kando. Mara ya pili mtu wa kudumu alipatikana kweli. Alikuja, akatazama paa la nyumba ya mkuu wa chuo linavyovuja, akatazama vioo, akapanda farasi wake akarudi alikotoka. Mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa mtandio. "Huyo ndiye aliyekuwa na akili," alisema. "Huyo ndiye ungemwandika." Wakati huo wote watu wa kijijini walikuwa bado wamemwekea padri mimbari yake, wanaazima wahubiri wa kupita, wanamngoja.

Basi ndivyo tulivyokuwa. Kisha nikaandikiwa na chuo chenyewe, kile cha padri, ambacho siku hizi kina majengo ya mawe na wanafunzi wanaokula vizuri. Walikuwa tayari kunipa chumba, maktaba, na mwaka mzima wa kukimaliza kitabu. Kwa upande wangu nilitakiwa kupata likizo ya utafiti kutoka chuo kikuu changu, na likizo hiyo ilihitaji sahihi ya mkuu wa idara. Mkuu wa idara alikubali. Aliniambia nipite ofisini Jumapili asubuhi, siku ya kwanza ya kazi kwetu, kwani Jumapili hiyo hiyo ilikuwa mwisho wa kupeleka jibu.

Ilibaki ruhusa ya mama. Wako watakaonicheka, na wanicheke. Katika watu wetu mwanamume anaweza kuwa na digrii na kitambi, lakini havuki uwanja wa ndege kwa safari ndefu bila radhi ya mama yake. Nilijiandaa kwa hoja kama ninavyojiandaa kwa mkutano. Nilikuwa na hoja ya cheo, hoja ya umri, na hoja ya simu za video.

"Nenda," mama akasema. "Radhi nshakupa."

Sikupata nafasi ya kutumia hata hoja moja. Nilibaki nimesimama jikoni kama mtu aliyesukuma mlango uliokuwa wazi.

Siku zilizofuata hakusema neno la kunizuia. Aliniuliza tu, akiwa anachambua mchicha, ndege kutoka huko mpaka hapa inachukua muda gani. Nikamwambia pamoja na kubadilisha njiani ni kama siku nzima, na zaidi theluji ikianguka.

"Baba yako tulimzika kabla ya adhuhuri," akasema, akaendelea na mchicha.

Baba alifariki alfajiri moja nilipokuwa mwanafunzi huko huko. Nilipofika matanga yalikuwa yameshaanuliwa, nikapelekwa makaburini nikaonyeshwa jiwe. Mama hajawahi kunilaumu, na mimi sikuwa na kosa. Ndege ndiyo iliyokuwa mbali. Lakini tangu siku aliyouliza swali lile la ndege nilianza kumwona anavyoshika ukuta anapotoka chumbani, na sikujua kama alikuwa akishika zamani nami sikutazama, au kama alikuwa akishika kwa sababu natazama.

Halafu akaja na sharti, ingawa mwenyewe hakuliita sharti. "Lakini padri hujatumalizia," aliniambia Ijumaa moja. "Utaondoka umemwacha wapi, juu ya paa?"

Nikaamua kumuua. Nilipanga jambo hili kama anavyopanga mtu mwoga: Ijumaa, siku mbili kabla ya sahihi, baada ya chakula, haraka, bila mapambo. Padri akifa, mama atakuwa amepata mwisho wake, mimi nitakuwa nimemaliza deni la hadithi, na Jumapili nitakwenda ofisini nikiwa mtu huru.

Nilichosahau ni kwamba kifo chake ndicho kitu pekee cha kusikitisha alichowahi kukifanya.

Mara ya tatu, nikawaeleza, bodi ilikubali. Walimshukuru, wakamwomba akae mpaka majira ya kuchipua tu, mtu mpya anakuja. Padri akaandika kijijini kuwa anarudi. Kijijini wakamjibu kwa heshima kwamba walingoja mpaka walipochoka, na mimbari wameshampa kijana mmoja mwenye sauti nzuri. Yeye akafunga vitabu vyake hata hivyo. Alivitia katika makasha, akayapanga ukumbini, na kwa kuwa makasha yalizuia jiko la kuni, nyumba ikawa baridi. Kila alfajiri alikwenda kuongoza sala ya wanafunzi kwenye theluji. Akapata kifua. Akalala katikati ya makasha yake, katika nyumba iliyovuja, akiwa kaimu, na barafu ya mto haijapasuka alikuwa keshakufa. Mtu mpya alipofika ilibidi kwanza mjane atolewe, kwa sababu nyumba ilikuwa ya chuo.

Niliponyanyua macho mama alikuwa analia. Nilitegemea machozi ya heshima, lakini haya hayakuwa hayo. Alilia kwa sauti, mabega yakimtikisika, kama nilivyosikia kwamba alilia wakati ule ambao sikuwepo.

"Alikuwa kashafunga vitabu," alisema. "Maskini ya Mungu. Kashafunga vitabu vyake."

Dada naye akachukua kitambaa cha mezani akajifuta. Mimi niliinamisha kichwa, kwa sababu sikujua pa kukiweka. Na wakati huo ndipo mama mdogo alipoamka.

Aliyoyaona ni haya: dada yake analia, mfanyakazi analia, mpwa wake ameinama, na neno lililompenya usingizini ni kwamba mtu keshakufa. Mwanamke wa umri wake na malezi yake katika hali hiyo haulizi. Aliinuka kimya, akamshika mama bega, akachukua simu yake akatoka varandani. Ujumbe wa sauti alioupeleka kwenye kundi la ukoo niliusikia baadaye, kama walivyousikia jamaa wote kutoka Barka mpaka Wadi Kabir. "Jamani, kwa dada Mabela kumefikwa. Keshafariki. Wanalia hapa. Mwenye gari ampitie mwenzake." Kisha akarudi ndani akaanza kusukuma makochi ukutani. Tulidhani anafagia.

Ni lazima nieleze, kwa faida ya wasiotujua. Sisi tukisikia mahali kuna msiba, tunakwenda. Nani aliyekufa ni habari utakayoipata ukifika. Kuuliza kwa simu kabla hujatoka ni kama kupima kama maiti anastahili petroli yako au hastahili. Ni adabu nzuri, na nimeifuata maisha yangu yote, na haijawahi kunipitia akilini kwamba adabu hiyo inaweza kuijaza nyumba ya watu ambao hawakufiwa.

Kabla ya Alasiri mtaa wetu ulikuwa umejaa magari. Wanawake walipita mlango wa ndani na mabuibui yao, wanaume wakaelekea sebule ya nje, wakinipa mkono mmoja baada ya mwengine, na mimi nikipokea pole kwa sababu mtu anayepewa pole hupokea. Mama alinivuta jikoni. Dada alikuwa keshaweka maji ya kahawa, naye hakuuliza. Mama mdogo alikuwa akihesabu vikombe.

"Nani kawaita?" mama akauliza kwa sauti ya chini.

"Mimi," akasema mama mdogo. "Si kuna maiti?"

"Maiti gani?"

"Huyo ulokuwa ukimlilia."

"Nilikuwa nnamlilia padri."

Mama mdogo akaweka kikombe chini. "Padri yupi?"

"Wa mwanao huyu."

"Yule wa mkate?"

"Huyo huyo."

Mama mdogo akanigeukia mimi. "Kafa lini?"

"Zamani kidogo," nikasema.

Tulisimama wanne tukisikiliza nyumba inavyojaa. Mlango wa nje ulifunguliwa tena, na mtu mwengine akaanza kulia kwa ajili yetu.

"Watu wametoka Barka," mama akasema.

"Waambieni ukweli tu," dada akashauri. "Watacheka, watakula, wataondoka."

"Hao? Watacheka, watakula, watarudi kwao, na mimi mpaka nakufa nitakuwa bibi aliyekusanya ukoo kumlilia padri wa Kizungu."

"Mchungaji, Bibi."

"Na mchungaji."

Mama alivua miwani akaifuta, akaivaa. Nilimjua akifanya hivyo. Hufanya hivyo kabla ya kukata bei ya samaki. Kisha akatoka, akaingia ukumbini kwa wanawake, na kupitia pazia nikamsikia akisema kwa sauti tulivu kabisa kwamba mwalimu wa mwanawe, aliyemsomesha Amerika akamfanya mtu, amefariki, habari zimefika leo, na kwamba kwa kuwa wamekuja basi wakae wawasomee khitma marehemu wote wa nyumba hii, baba wa mwanawe akiwa wa kwanza. Wanawake wakasema ni kheri. Juzuu zikagawiwa.

Nilimwona baadaye kidogo, alipopita kuchukua miwani ya kusomea. "Nimewasomea wafu wetu," alininong'oneza. "Yeye kama kapenya humo, shauri yake."

Nilirudi sebuleni kwa wanaume nikiwa nimeanza, nakiri, kustarehe. Mama ameokoka, watu wana halwa, mimi Jumapili nina sahihi. Nikaketi. Na aliyekuja kuketi pembeni yangu alikuwa mkuu wangu wa idara.

Mke wake ni wa ukoo wetu kwa mbali, na alikuwa kwenye kundi. Mkuu wa idara ni mdogo kwangu kwa umri, mtoto wa Waomani waliotoka Bujumbura, mtu mwema kiasi kwamba ni vigumu kumlalamikia. Alinipa pole kwa Kiarabu, nikaitikia. Akanywa kahawa. Akaniinamia.

"Daktari," akasema kwa Kiswahili chake cha Bujumbura, "mke wangu ameniletea ujumbe kutoka ndani kwamba ni mwalimu wako wa Amerika. Ni huyo ndiye aliyekuwa akupokee kule?"

Nimewahi kufundisha kwamba historia haina dakika moja ambayo kila kitu hugeuka. Ninaliondoa somo hilo. Nilitazama pazia. Nyuma yake wanawake walikuwa wanasoma, sauti nyingi pamoja, na ya mama ilikuwa juu kidogo kuliko za wengine kwa sababu masikio yake yanapungua nguvu. Sebule nzima ilikuwa imenyamaza, kwani mkuu wa idara alikuwa amenong'ona kama wanavyonong'ona wahadhiri. Ningesema hapana, lingefuata swali la nani basi. Na jibu la swali hilo lilikuwa ni kwamba mama yangu ametoka kusema uongo mbele ya Qur'ani na mbele ya ukoo wake.

"Ndiye," nikasema.

"La hawla. Alikuwa mtu mzima?"

"Sana."

"Mtu wa dini?"

"Hakuwa na kitu kingine."

Akanishika goti. "Basi khalas, ile karatasi ya Jumapili tuiache kwanza. Huwezi kwenda kwa mtu ambaye hayupo. Waache wamzike mtu wao, watulie, wajue nani atakupokea. Tutaomba upya mwakani."

"Sijui kama watangoja."

"Watangoja, wallahi. Nani hamngojei mfiwa?" Alisema hivyo kwa wema mkubwa, na kwa sauti kubwa, na wazee waliokuwa upande wa pili wakatikisa vichwa kukubali. Mmoja alisema ni vyema nisisafiri nikiwa na huzuni. Mwengine alisema mama yangu pia anahitaji mtu karibu sasa. Nilizungukwa na watu walionitakia mema kila upande, na sikuona pa kupita.

Jumapili nilikwenda ofisini mapema. Nilikuwa nimejipanga usiku mzima: faragha, milango imefungwa, nitamweleza mkuu wa idara kila kitu, atacheka, atatia sahihi. Nilipofika nilimkuta amesimama na wenzetu wa idara, wamenunua kadi ya rambirambi wameitia sahihi wote, na sahihi yake ilikuwa ya kwanza, kubwa, kwa wino wa buluu. Nilimtazama nikamwona mkewe nyuma yake. Sisemi alikuwepo, nasema nilimwona. Nilimwona mume akimweleza wakati wa chakula cha mchana, kwa sababu hakuna mume ambaye angeweza kunyamaza na jambo kama lile, nikamwona mke naye akichukua simu. Mpaka Magharibi mama angekuwa na jina jipya, na katika watu wetu majina ya namna hiyo hurithiwa. Wajukuu zake wangeoa nalo.

Hapo hapo nilijiuliza, kama muungwana anavyopaswa kujiuliza, kama nilikuwa namlinda mama au nilikuwa nimepata sababu. Mtu ambaye ameshindwa kumaliza kitabu kwa miaka yote hii anaweza kuwa na shukrani ya siri kwa kila kinachomzuia. Sikupata jibu. Padri wangu naye nimemchunguza kwa swali hilo hilo, mto ukifurika na bodi isipotimia, na kwake pia sijapata.

"Asanteni kwa pole zenu," nikawaambia, nikapokea kadi.

Niliandika kule nikiomba wanisogezee mwaka. Walijibu siku ya pili, kwa adabu, kwamba nafasi imekwenda kwa mwengine aliyekuwa akingoja, na kwamba nakaribishwa kuomba tena siku za mbele. Alikuwa, walinieleza kwa kunifariji, kijana mwenye mradi wa kuvutia sana.

Nilimwambia mama siku hiyo hiyo, mchana, nilipotoka kazini. Alikuwa ameketi mezani peke yake ananingoja, dada anapakua jikoni. Nilimwambia siendi, nafasi imepotea. Sikumwambia imepotea vipi, lakini nadhani alikuwa ameshapata ujumbe kutoka kwa mke wa mkuu wa idara, maana hakuuliza.

"Mimi radhi nilikupa," akasema.

"Ulinipa, mama."

"Usije ukasema nilikuzuia."

"Sitasema."

"Kwa sababu sikukuzuia."

"Hukunizuia."

Hakuonekana kufurahi. Hilo sikulitegemea. Nilikuwa nimejiandaa kumsamehe furaha yake. Alizungusha kijiko kwenye sahani tupu. Dada alileta wali akauweka, akatutazama wote wawili, akarudi jikoni.

"Na mkewe?" mama akauliza.

"Mke wa nani?"

"Wa padri. Ulisema alitolewa nyumba ili mtu mpya aingie. Na watoto, na makasha yale ya vitabu. Alikwenda wapi?"

Tasnifu yangu inakwisha kwenye mazishi. Nimemfuata yule mwanamume kutoka shambani mpaka kitandani, na mkewe niliachana naye mlangoni, siku anatolewa.

"Sijui," nikasema.

"Umekaa na watu hawa miaka yote, na hujui mke alikwenda wapi."

"Barua zake zitakuwemo kule, kwenye maktaba yao. Kuna makabrasha ambayo sikuwahi kuyafungua. Mtu angekuwa na mwaka, angemtafuta."

Mama alinitazama. Nilijuta kusema, kisha nikaona kwamba sikujuta sana. Alisogeza sahani ya wali upande wangu, akashika ukingo wa meza kama anayetaka kuinuka, akabaki ameketi.

"Kula," akasema. "Kinapoa."